Baiskeli ya Kwenye Begi

Kazi yangu ni kupima watu. Nashona majoho ya kwaya, na kwa muda wote niliovaa futikamba shingoni nimegundua kwamba mtu akikutajia kipimo kwa mdomo anakudanganya, hata kama mwenyewe hajui. Mwanamke atakutajia kiuno cha kabla hajazaa. Mwanaume atajiongezea mabega. Kwa hiyo mimi siulizi, napima mwenyewe, na mtu akinuna namwacha anune. Ndiyo maana siku niliyokwenda kutafuta baiskeli ya kukunja pale Kahama, muuzaji aliniona mkorofi kabla hata hatujaanza kupatana bei.

Sikuitafuta kwa anasa. Wateja wangu hawakai mjini. Wako kwenye vigango vya kanisa, kuanzia Segese kwenda Kakola mpaka karibu na Geita, na kigango hakijengwi kando ya barabara kubwa kukusubiri wewe. Basi linakushusha, halafu una safari nyingine ya kuingia ndani, moramu na mchanga, mpaka uone bati la kanisa. Hapo ndipo bodaboda wanapokungoja. Huku ni kwenye dhahabu, kila anayeshuka na mzigo wanaona ana hela za mgodini. Anakutajia bei kana kwamba jana yake shimo lako limetoa mali. Ukibisha, anaangalia pembeni. Ukikubali, faida ya joho imekwisha. Na njiani anaanza: unakwenda kwa nani, una nini kwenye mfuko, unarudi lini? Nikiulizwa maswali hayo katikati ya pori mimi nashuka. Nimewahi kushuka kweli, nikatembea na vitambaa kichwani huku namsema mtu yule mpaka nikafika.

Baiskeli kubwa ninayo, ile nyeusi ya chuma tuliyokulia juu yake sisi wote wa Shinyanga. Lakini hiyo haipandi basi bila kulipiwa, na inakwenda juu au inaingia kwenye buti, na buti la basi mimi siliamini. Iliwahi kushushwa Geita haina pampu wala kengele. Kondakta akaapa kwamba ilipakiwa vilevile. Nikamwambia basi kengele imeona imefika kwao imeshuka yenyewe. Abiria walicheka, ila kengele sikuipata.

Basi nikaenda kwenye ua mmoja wa mitumba, upande wa kuelekea Buzwagi, ambako nilisikia wameshusha baiskeli za kukunja zilizotumika huko nje. Mpya sikuzigusa, bei yake ilikuwa ya watu wengine. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno ya asali. Alinivutia kiti, akanipangusia, akanisogezea kabaiskeli ka magurudumu ya inchi kumi na sita.

"Chukua hii, mama. Inamtosha kila mtu."

Hapo akaniudhi. Nguo inayouzwa kuwa inamtosha kila mtu nimeifumua mara nyingi mno, na kila mara huwa kuna kwapa linabana. Nikamwambia, "Mwanangu, weka hizo zote hapa kwenye jua. Nizione zikiwa zimesimama, halafu nizione zikiwa zimekunjwa." Akacheka, akadhani namtania. Nikatoa futikamba.

Zilikuwepo za aina tatu. Ya inchi kumi na nne ilikunjika ikawa ndogo kama begi la shule, ukiiona unaipenda papo hapo. Nikaipanda. Lo! Magoti yalinifika tumboni, na nilipoigonganisha na kokoto moja tu ya pale uani ilisimama ghafla nikajikuta nimekumbatia usukani. Gurudumu dogo kwenye shimo la moramu halivuki, linaingia. Nikaiweka pembeni.

Ile ya kumi na sita ilikuwa afadhali. Nikainua siti mpaka kwenye alama iliyochorwa kwenye bomba lake, nikaweka kisigino kwenye pedeli ya chini. Mguu ukiwa hivyo unatakiwa karibu unyooke. Wangu ulibaki umepinda. Kijana akataka kuivuta siti juu zaidi, kupita alama. "Bado lipo bomba la kutosha ndani, mama," akasema. Lipo wapi? Nikalichomoa nikamwonyesha: lingebaki kipande cha vidole vitatu kimeshikilia uzito wangu wote na bunda la vitambaa. Alama ile haikuchorwa kwa urembo. Nikamuuliza kama angempandisha mama yake. Akajifanya anaitwa na mtu nje.

Ikabaki ya inchi ishirini, nazo zilikuwepo tatu. Juu ya hiyo nilikaa vizuri, mguu ukanyooka, sketi haikunaswa kwa sababu fremu yake iko chini, na nyuma ina karia inayobeba mzigo bila kugonga visigino. Sasa ndipo nikaogopa, kwa sababu kitu cha mtumba kikikaa vizuri hivyo na bei kikapunguziwa upesi, pana jambo. Nilishika usukani, nikabana breki ya mbele, nikaisukumasukuma nisikilize bawaba ya katikati. Moja ilikuwa inacheza. Nyingine haikucheza hata kidogo, imekaza mno, na rangi yake hapo kwenye bawaba ilikuwa mpya kuliko kwingine. Nikatoa mkasi, nikakwangua.

"Mama unaharibu mali!"

"Naiharibu wapi? Hapa pameungwa kwa kuchomelewa. Hii imeshavunjika."

Akasema yeye ameletewa hivyo. Ikabaki moja ya bluu, iliyochubuka lakini nzima. Hata hiyo sikuilipia. Nilikuwa nimekuja na tairi kuukuu la baiskeli ya mtoto wa jirani, maana nilishaambiwa kuna ishirini za aina mbili, na ile nyembamba tairi lake hulipati mpaka Mwanza, na hata Mwanza ni kwa bahati. Nikalilinganisha na rimu, likaingia. Tairi la namna hiyo mpaka Segese linauzwa, linaning'inia dukani karibu na sabuni.

Bado kulikuwa na basi. Baiskeli ya kukunja isiyoingia ndani ya basi ni baiskeli tu iliyovunjika kiuno. Niliipima ikiwa imekunjwa, urefu, kimo na unene, nikaenda stendi na futikamba yangu. Nikapanda kwenye basi lililokuwa linasubiri abiria wa Geita, nikaanza kupima: chini ya siti, kati ya siti na siti, nyuma ya siti ya mwisho. Kondakta alikuja mbio.

"Mama, samahani, wewe ni mtu wa usalama barabarani?"

Nikaendelea kupima. Alimwita dereva. Dereva akafunga vifungo vya shati na kuanza kunionyesha mikanda ya siti. Niliwaacha na hofu yao, walishanipandishia nauli wao bila sababu mara ngapi. Baiskeli ya inchi ishirini haikuingia chini ya siti. Kumi na sita ingeingia, na hapo roho iliniuma kidogo. Lakini ya ishirini ikisimamishwa wima, pedeli zikikunjwa, ilikaa kati ya magoti yangu na siti ya mbele. Nikasema afadhali nibanwe magoti kwenye basi lenye kiti kuliko kubanwa njia nzima ya mchanga. Nikarudi, nikalipa, na baada ya kulipa nikaipima tena nione kama hajanibadilishia.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Kondakta akiona baiskeli, hata iwe imekunjwa ikawa kama mkate, atasema ni baiskeli, lipia. Akiona begi la abiria amelishika mwenyewe, hana la kusema. Nikakata turubai jeusi, nikashona begi la kuitosha barabara, mishono miwili miwili, zipu ndefu, mpini wa kubebea. Nilijisifu. Mtu angekodoa macho vipi, asingejua ndani kuna nini.

Safari ya kwanza nayo ilikuwa kwenye kigango kimoja ndani ya Segese. Walikuwa na jubilei, na mwenyekiti wa kwaya alikuwa mama mmoja mjane aliyenialika nilale kwake, nipime wanakwaya jioni na asubuhi niende kigango kinachofuata. Pale kituoni sikuipanda baiskeli hata kidogo. Nilikuta pikapu iliyobeba mabati ya kanisa, wakanipakia bure, na cha bure sikukataa. Nikafika kijijini nimekaa juu ya mabati, futikamba shingoni, nimekumbatia begi jeusi lenye chuma kinachogongana ndani.

Mjane alinipokea vizuri. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mkavu, mwenye sauti ya kwanza inayotetemesha bati. Alitaka kunipokea begi, nikalishika.

"Kuna nini humo, fundi?"

"Baiskeli."

Aliliangalia begi, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Baiskeli. Haya, sawa, dada yangu. Baiskeli." Akanikonyeza. Nikafikiri ni mtu wa utani.

Nikaliingiza ndani, nikaliweka chini ya kitanda. Hapo ndipo nilipokosea adabu ya Usukumani bila kukusudia. Kwetu mgeni akifika na baiskeli anaiegemeza nje, ukutani, mbele ya macho ya watu. Kila mmoja anajua hii ni ya nani, kwa hiyo kila mmoja anajua nani yumo humo ndani, na tangu saa ngapi. Anayeingiza baiskeli yake ndani ana neno. Mimi ningeiacha nje? Na bei ile niliyoilipa, na watu wale nisiowajua? Thubutu.

Jioni nilipima wanakwaya kwenye uwanja wa kanisa. Nilipomaliza, mjane akaniambia tukanyooshe miguu, anionyeshe shamba. Akasema begi tusiliache, huku watu wana mikono mirefu. Nikampenda kwa kuwa na mawazo kama yangu. Akajitwika mwenyewe kichwani, nikamwambia ni zito, akasema kuni ni nzito zaidi. Tukatembea mpakani mwa shamba lake lote. Mahindi yalikuwa yamenyong'onyea, pamba hakupanda, udongo wenyewe mwekundu wenye changarawe. Alikuwa akisimama kila mara. Kwenye kichuguu kimoja alisimama kwa muda mrefu kabisa, begi kichwani, ananiangalia usoni. Nikadhani amechoka. Futikamba yangu ilikuwa bado shingoni. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na wanaume wawili wanachunga, nao wakasimama. Niliwatilia shaka, nikamwambia turudi.

Asubuhi nilikuwa naweka vitambaa sawa nikasikia hodi ambayo haikusubiri karibu. Aliingia uani mwanaume mnene, nyuma yake wengine wawili, wale wa jana, na mzee mmoja aliyevaa koti. Mzee alitusalimu, "Mwangaluka." Nikaitikia, nikamwamkia na shikamoo. Huyo alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Mnene hakusalimia. Alikuwa shemeji wa mjane, kaka wa marehemu mume wake.

"Mgeni wako ni nani?" akamuuliza.

"Fundi wa majoho."

"Fundi wa majoho anapima shamba?"

Mwenyekiti ndiye aliyenieleza, taratibu, kama mtu anayefundisha katekisimu. Kijiji cha jirani walifika watu wawili wanajidai kuuza dawa za ng'ombe, wana begi refu jeusi. Ndani ya begi mlikuwa na detekta, ile mashine ya kusikilizia dhahabu, inayolia ikipita juu yake. Walizunguka mashamba ya watu, wakaenda zao. Baadaye wakaja wengine wenye magari, na mwenye shamba akakutwa ameshasaini, ameuza, ukoo haujui. Leo pale ni mashimo.

"Sasa huyu," shemeji akasema akimwonyesha mjane kwa kidevu, "shamba ni la ndugu yangu. Ameletwa hapa, amekaa, hatujamgusa. Lakini kama ameleta mashine kupima mali yetu kwa siri, leo hii anaondoka. Vitu vyake nje. Arudi kwao."

Mjane alikuwa ameshika mlango. Hakuwa na mtoto wa kiume, na hao wanaume wote wanne walijua hilo kuliko hata jina lake la ubatizo.

"Fungua begi," shemeji akaniambia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikataa. Hasira ilinipanda. Mtu hajanisalimia, ananiamuru nifungue mzigo wangu? Wanaume watatu na fimbo za kuchungia? Niliona wazi hawa wanataka kuona baiskeli ilipo waje wanivizie njiani. "Sifungui," nikasema. "Aje polisi ndiyo nifungue." Yule shemeji akatabasamu, ndiyo jibu alilolitaka. Akaingia ndani, akatoka na sufuria la kwanza, akaliweka chini uani. Akarudi akatoka na godoro.

Nilipoona godoro nikavuta zipu.

Nikaitoa baiskeli, nikafungua bawaba, tak, nikainua usukani, nikavuta siti mpaka kwenye alama yangu, nikafungua pedeli. Ikasimama. 

"Hii nini?" akauliza shemeji.

"Huoni? Baiskeli."

"Baiskeli gani ina magurudumu ya mtoto?"

"Ya inchi ishirini!"

"Mtu mzima na akili zake atanunua baiskeli ya inchi ishirini ya nini?"

Hapo ikabidi nijitetee, na kwa ajili yangu tu nisingejitetea. Nilimweleza kuhusu kondakta na buti. Nikamweleza ile ya kumi na nne ilivyonitupa, nikachuchumaa kumwonyesha magoti yalipofika. Nikamweleza ile ya kumi na sita na kipande cha bomba cha vidole vitatu kinachobaki ndani. Nikatoa futikamba, nikapima mguu wangu mbele ya wanaume, nikapima kutoka siti mpaka pedeli, nikamwambia mwenyekiti asome mwenyewe asije akasema nimedanganya. Akasoma. Vilikuwa sawasawa. Nikapanda, nikauzunguka uwanja, kuku wakatawanyika, nikabana breki miguuni kwa shemeji vumbi likampanda kwenye viatu.

Mzee akaomba kujaribu. Siti ilikuwa ya kwangu, akapanda hivyohivyo na koti lake, akaenda mpaka kwenye kichaka akirusha miguu pembeni, akarudi anacheka hana meno. "Ni baiskeli," akatamka. "Mwenye detekta hawezi kuhangaika na mguu wake namna hii. Rudisheni godoro."

Wale wawili walirudisha godoro. Shemeji hakurudisha sufuria. Aliizunguka baiskeli, akaigonga tairi kwa fimbo. "Sawa, baiskeli," akasema. "Lakini la shamba tutakaa wanaukoo tuliongee. Mwezi huu." Akaondoka vilevile bila kuaga, na mwenyekiti akamfuata bila kupinga neno.

Nilikuwa nafunga bunda kwenye karia, nikitaka niondoke kabla jua halijawa kali, mjane akaja karibu. Alichungulia njiani, akahakikisha wamepotea.

"Fundi. Sasa tuko wawili. Haikulia?"

"Nini ilie?"

"Pale kwenye kichuguu. Nilisimama makusudi."

Niligeuka nikamtazama. Hakuwa anatania. Hakuwahi kutania tangu jana.

"Dada, umeiona kwa macho yako! Nimeipanda!"

"Nimeiona. Lakini na ndani ya lile bomba la siti? Umemwambia shemeji kuna bomba la ndani."

Ningeweza kumpigia kelele. Badala yake nilifungua komeo, nikalichomoa bomba lote, nikampa mkononi. Alilielekeza kwenye jua akachungulia upande mmoja, mwanga ukatokea upande wa pili. Akaingiza kidole. Akakitoa kimechafuka grisi, akakiangalia, akajifuta kwenye kitenge.

"Hamna kitu," akasema.

"Hamna, dada."

Alinirudishia bomba. Akaenda kuokota sufuria pale uani, akalikung'uta vumbi, akasimama nalo anaangalia yale mahindi yake.

"Bora ingelia," akasema. "Ningejua wananifukuzia nini."